Gemu za Mtumba Saluni kwa Sesilia

Sesilia ni msusi wa Kagongwa, na wateja wake walikuwa na ugonjwa mmoja: kugeuza kichwa. Lori likipiga honi barabarani, shingo inageuka na mstari wa nywele unapinda. Siku moja aliona kwenye simu gemu za mkononi za zamani, mitumba kutoka Japani, bei poa. Akaagiza tatu. Zilipofika, moja iligoma kuwaka, na mbili ziliandikwa Kijapani kitupu, lakini zilicheza vizuri.

Wa kwanza kupewa alikuwa Mama Lusia, muuza mchele, ambaye hajawahi kutulia kitini.

"Ya watoto hii, nifanyie nini?"

"Panga tu hivyo vitofali vinavyodondoka, mama."

Mama Lusia akainama, akaanza kubonyeza. Malori yakapita, mashoga zake wakamsalimia, hakugeuka. Sesilia akasuka mistari iliyonyooka ajabu.

"Tayari, mama. Inuka ujitazame kwenye kioo."

"Subiri kwanza nife."

Vitofali vilipomzidi, Mama Lusia alicheka mpaka machozi, kisha akauliza, "Mwanangu, zile nywele za kusuka ndogo ndogo kabisa, si ndizo zinazochukua muda mrefu? Basi wiki ijayo nisuke hizo."