Firigisi ya Baba

Niliacha kazi ya mshahara kwa sababu ya kuku, na mpaka leo watu wakinisifu kwa hilo naona haya.

Nilikuwa karani wa stoo katika ofisi moja ya serikali mjini Kakamega. Mkubwa wangu, kijana niliyemzidi umri kwa mbali, aliniita "wewe wa stoo" kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Nikaapa nitatoka. Jioni nilitazama kwenye simu video za watu wanaofundisha namna ya kuacha kazi mapema, nikajipangia: kuku mia tatu wa kutaga, kisha barua ya kujiuzulu. Idadi niliiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa jikoni. Sheria ilikuwa moja tu: hachinjwi kuku hata mmoja kabla ya mia tatu. Watoto wangu walikula sukumawiki huku jogoo akiwawikia dirishani.

Wa kwanza kati ya kuku hao alikuwa tembe mwekundu niliyepewa na baba siku nilipohamia kwangu, karibu na Mukumu.

Jumapili moja baba akaja kutoka Malinya kunitembelea. Kwetu mgeni huchinjiwa kuku, na firigisi ni ya baba. Hata mtoto mdogo analijua hilo. Mke wangu alichukua kisu, akaniita jikoni.

"Baba watoto, nishike gani?"

"Enda buchari ununue nyama nusu kilo."

Alinikazia macho mpaka nikageukia ukuta. Pale mlangoni idadi ilikuwa mia mbili themanini na sita, nami sikutaka ipungue hata kwa mmoja. Ndivyo nilivyokuwa mjinga.

Baba alikula obusuma, ugali wetu, na ile nyama polepole, kuku wakipitapita mlangoni. Aliponawa mikono akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mwanangu, hizi kuku ni gonjwa?"

Hakuniita mchoyo. Nadhani hata halikumpitia akilini. Kwake yeye, ni ugonjwa tu ungeweza kumnyima mzee kuku nyumbani kwa mwanawe. Nami, badala ya kuona aibu, nikafurahi kupewa pa kutokea.

"Ndiyo, baba. Ziko na dawa mwilini. Haziliwi."

"Pole sana. Ugonjwa ya kuku inamalizanga zote."

Siku tatu baadaye, asubuhi nikijiandaa kwenda kazini, nikamwona tena. Alisimama nje ya geti akakataa kuingia, asije akarudi na ugonjwa kwa kuku wa majirani zake. Kwapani alikuwa na kuku wake wa kutaga, miguu imefungwa kwa kitambaa. Nilimjua kuku yule. Nyumbani kwake sasa alibaki jogoo peke yake.

"Huyu umuweke mbali na hizo zingine," akasema. "Zikiisha, uanze na yeye."

Alimpitisha juu ya geti, akanishika mkono, akaondoka bila hata chai.

Ningeweza kumwambia pale pale. Nilisema, "Asante, baba." Kisha nikamfungua kuku yule miguu, nikamwachia aingie na wenzake, nikaenda nyuma ya mlango wa jikoni, nikafuta idadi kwa kiganja na kuongeza mmoja.

Mia tatu wakatimia. Siku niliyopeleka barua nilitoka ofisini nikipiga mluzi. Nilipanga Jumapili niende Malinya na jogoo mkubwa kuliko wote, nimwambie baba ukweli wote, anigombeze, halafu tule. Lakini hoteli za mjini zilikuwa zikisubiri mayai. Jumapili hiyo ikapita, na nyingine tatu. Niliyejiondoa kazini ili niwe na wakati sikupata wakati wa kwenda Malinya. Baba alianguka shambani akiwa peke yake, na simu ilinikuta nikipanga trei.

Matangani nilichinja kuku bila kuhesabu. Ndugu walikula wakashiba, wakasema kweli huyu ameendelea. Halafu shangazi, dada yake baba, akaniletea sahani iliyofunikwa.

"Kula," akasema. "Sasa wewe ndio mwenye boma."

Nikaifunua. Ilikuwa firigisi. Nikaitafuna, kwa sababu watu walikuwa wakinitazama.