Siku Niliyokataa na Watu Wakacheka

Mume wangu ana imani yake kwamba anayetaka kukuonyesha nchi akuonyeshe mwezi wa kumi. Mvua ikishanyesha, husema, kila mahali panapendeza, mtu anaweza kukudanganya na majani. Kwa hiyo alipotaka nikaione ardhi ya marehemu baba yake, nyuma ya vilima vya upande wa Mvumi, ambako alikuwa ameamua tuhamie akishastaafu, hakungoja mvua. Alichagua Jumamosi ya jua kali, akafuta siti ya nyuma ya pikipiki kwa kitambaa, akaniambia, "Mhehe, panda. Leo unakwenda kuiona pepo."

"Peponi siku hizi mnaenda na pikipiki?"

"Wenye dhambi chache. Wewe ilikuwa utembee."

Hivyo ndivyo tulivyoishi. Yeye Mgogo, mimi Mhehe, watani wa tangu enzi za mababu waliopigana mpaka wakachoka wakaanza kuoana. Alipokuja kwetu Iringa kunichumbia, shangazi zangu walimficha viatu, akatoa mahari yake akiwa pekupeku kwenye ukungu, meno yanagongana, na hakuna aliyemwonea huruma. Mtani hakasiriki. Ameniita Mhehe na mimi nimemwita Mgogo mbele ya watoto, mbele ya majirani, mpaka mbele ya mchungaji. Wengi wametuonea wivu kwa kicheko chetu. Sikuwahi kuwaambia kwamba ziko siku unataka kusema neno moja la kweli nyumbani mwako na huna pa kulipitishia.

Neno langu siku hiyo lilikuwa hapana. Nilikuwa nimechoka kuhama. Nimefuata kazi kutoka Iringa hadi Morogoro, kutoka Morogoro hadi Dar es Salaam, na Serikali ilipohamia Dodoma nikafungasha vyombo tena, nikaagana tena na watu niliowazoea. Nyumba yetu ya Miyuji ni ya kwanza maishani mwangu ambayo nimepigilia msumari ukutani bila kumwomba mtu ruhusa. Nina mipapai miwili inayokunywa maji kuliko sisi wenyewe. Hapo nilitaka kubaki mpaka nife, na nilikwisha kumwambia. Kila nilipomwambia alicheka, akasema Wahehe wanaogopa jua. Basi nikaamua nitalisema mbele ya wifi yangu, dada yake mkubwa, aliyebaki kwenye ule mji wa wazazi wao. Neno likishasemwa mbele yake, nilijiambia, haligeuzwi mzaha.

Tulitoka kabla jua halijapata makali. Kwenye lami nilimshika kiuno, upepo unaingia kwenye mikono ya gauni langu, na kwa kitambo kile nilimpenda kabisa, ningependa twende tu tusifike. Tukapita mashamba ya zabibu, tukapita Mvumi, tukaacha barabara tukaingia njia ya ng'ombe. Mgongo ukaanza kuniuma. Miti yote ilikuwa miiba mitupu, imekauka, mbuzi wamesimama kwa miguu ya nyuma wakitafuta jani lililosahauliwa. Kisha vilima vikatubana, tukaingia makorongoni.

Nisiwe mwongo, pale pana uzuri wake. Mawe makubwa yamebebana pande zote mbili mpaka juu, mengine yamekaa mkao wa kuanguka na hayaanguki. Lakini joto lilitoka juu na likatoka chini, na kila korongo tulilolimaliza lilitukabidhi kwa jingine. Mume wangu alikuwa anaimba. Hapa nilichunga, anageuka kunionyesha, hapa fisi alimchukua ndama wa baba mdogo. Nikawa namwambia atazame mbele.

Chini ya korongo la mwisho kulikuwa na mto, mto wa kwao, yaani mchanga. Tairi la nyuma likazama. Akashuka, akatia gia ya kwanza, akawa anatembea ubavuni mwa pikipiki huku mimi nasukuma kwa mikono yangu ya ofisini. Pembeni kina mama walikuwa wamechimba shimo mchangani, wanateka maji kata moja moja, wanangoja yajikusanye, wanateka tena. "Unaona?" aliniambia akihema. "Maji yapo." Nilimtazama usoni nikajua hatanii. Yeye alikuwa ameyaona maji. Mimi nilikuwa nimeiona foleni.

Wifi alitupokea kwa vigelegele. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba, akaongeza papo hapo, "Mdogo wangu, huyu Mhehe umemleta hai? Nilijua utaleta mifupa." Akanipa kigoda, akanipa maji ya kunawa, akaweka ugali wa uwele na mlenda. Majirani wakaja kumwona shemeji wa mjini. Nilikula nikashiba, chakula kilikuwa kitamu, na jambo hilo lilinikera kwa sababu nilitaka kila kitu kiwe kibaya.

Tulipomaliza kula mume wangu alinishika mkono mbele ya watu, kitu ambacho hafanyi, akanipeleka nyuma ya ua. Alikuwa amepanga mawe chini kuonyesha vyumba. Sebule hii. Jiko hili. "Hapa dirisha lako," akasema, "linatazama kusini, Iringa kwenu." Watu wote walikuwa wametufuata. Nikaona nisipolisema hapo sitalisema tena.

Nikamgeukia wifi. "Wifi, nisikilize. Mimi sihamii hapa. Si mwaka huu wala akishastaafu. Nimechoka, nataka kuzeekea Miyuji."

Mume wangu akacheka, na wifi akapokea, akajipiga mapaja, majirani nao wakaangua. "Tutakufunga kamba kama mbuzi!" wifi alisema akifuta machozi. "Jamani, watani hawa!" Nikasema tena kwa sauti kubwa zaidi kwamba sitanii, na hilo ndilo lililowamaliza kabisa, mzee mmoja akalazimika kushika ukuta. Nilikuwa nimesema hapana ya maisha yangu na watu wananipigia makofi. Nilisikia uchovu ambao si wa safari. Nikakaa juu ya jiwe moja la jikoni kwangu, nikacheka na mimi.

Tukarudi jua likiwa limeinama. Kwenye ule mto wa mchanga tukasukuma tena, na tulipofika ng'ambo akazima pikipiki ipoe. Mashimo ya maji yalikuwa yamebaki peke yake. Nilimwita. Sikumwita Mgogo. Nilimwita baba, kwa jina la mtoto wetu wa kwanza, kama wake wote wanavyowaita waume zao, na mimi sikuwa nimemwita hivyo hata siku moja. Alikuwa ameinama anatazama mnyororo. Akabaki hivyo hivyo ameinama.

"Yale niliyoyasema kule," nikaanza.

"Nilikusikia," akasema. "Nilikusikia tangu kwetu Miyuji."

"Mbona ulicheka?"

"Ningefanyaje? Dada alikuwa amesimama pale." Akafuta mikono kwenye suruali. "Nilitaka acheke na yeye."

Akapiga kiki, pikipiki ikawaka, nikapanda.

Hatukuhama. Habari ya kule hakuigusa tena, na mimi nilipata nilichokuwa nakitafuta, yaani neno langu kuaminiwa. Amestaafu sasa. Anamwagilia mipapai yangu bila kuambiwa. Akinikuta jikoni ananiuliza kama kuna la kusaidia, akitaka kutoka ananiaga anakokwenda, na jina analoniita ni mama, kwa adabu zote. Jirani yetu ananisifia mume niliyenaye. Nimejaribu mara kadhaa kumchokoza, nikamwambia Wagogo wakistaafu wanakuwa na masikio ya sungura, akatabasamu kama unavyomtabasamia mgeni. Natamani anitukane.

Mwaka huu mvua za kwanza ziliponyesha wifi alipiga simu. Tulikuwa wawili sebuleni, mimi na mume wangu. "Wewe Mhehe," wifi alipiga kelele, "majani yameota mpaka chumbani kwako, kamba ninayo mkononi, unakuja lini?" Yeye akainuka taratibu, akatoka nje akasimama barazani akiitazama mvua. Nikamjibu wifi kwamba nakuja, achonge kabisa na kigingi cha kunifungia, ila anitafutie penye kivuli. Akacheka sana. Na mimi nikacheka, kwa sauti, nikaendelea kucheka mpaka salio lake likaisha.