Hadithi Aliyopewa Furaha

Harufu ya maziwa yaliyomwagikia moto hunirudisha jikoni kwa Bibi, huko Masisi, msimu wa kuvuna maharage. Ukungu ulishuka mapema mlimani, nasi tulikaa tukipukuchua maharage mpaka kucha zikauma. Mwaka huo binamu yangu Furaha alikuja kutoka Walikale kuishi nasi, akiwa na kitabu kisicho na jalada: riwaya ya Mturuki mmoja, iliyotafsiriwa kwa Kifaransa. Nilimwonea wivu tangu siku ile. Wa kwanza darasani nilikuwa mimi. Kitabu kilitafuta nini mikononi mwake?

Tulikisoma sote wawili. Kilihusu mtaa mmoja wa Istanbul, na mama aliyegeuza vikombe vya kahawa na kusoma bahati za majirani kwenye machicha yaliyobaki. Hapo wivu wangu ukapata mtu wa pili. Huyo Mturuki alikuwa na kila kitu! Vikombe, majirani wagomvi, baba anayetaka mambo mapya na nyanya anayeshikilia ya zamani. Jamii yake ilikuwa imemwandalia riwaya mezani, yeye alinawa mikono tu.

Bibi naye alikuwa na hadithi moja ya ukoo. Kwetu hadithi ya namna hiyo haiokotwi: mwenye nayo humpa mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye ruhusa ya kuisimulia. Niliitaka kuliko kitu chochote duniani. Jioni moja Bibi akatuambia, "Munielezee kwanza ile ya mu kitabu, kila mutu kwa zamu yake."

Nikaanza mimi. Nilisimulia kama ninayekariri somo, sikuruka hata jina la mtaa. Bibi alipiga miayo. Zamu ya Furaha ilipofika, yule mama wa Kituruki akahamia Masisi: akawa anasoma bahati kwenye povu la maziwa, na mwanawe akapanda pikipiki kwenda kuchimba madini Bisie. Bibi aliacha maharage yakamwagika mapajani.

"Anadanganya!" nilipiga kelele. "Haiko vile mu kitabu!"

"Nyamaza, mutoto. Huyu njo anajua kusimulia."

Basi hadithi akapewa Furaha. Mimi nilitumwa nje kufunga ndama, nikaisikia yote kupitia ukuta wa matete, nikilia kwa hasira.

Leo Bibi hayupo, nami nafundisha fasihi. Nimesoma Waturuki wengi, na bado nawaonea wivu, hasa kwa hili: mwandishi wao huchukua kikombe cha mama yake akakitia kitabuni, wala haulizwi amepewa na nani. Mimi nimeandika mengi, lakini ile hadithi sijawahi kuigusa.

Juzi Furaha akanipigia simu. "Dada, watoto wananiomba hadithi ya Bibi. Imenipotea, hata mwanzo sikumbuki. Wewe uliisikiaka?"

Ninayo yote. "Kwanza unipe," nikamwambia. "Sema: nakupa."

Akacheka. "Ee, dada! Mpaka leo?"

"Sema."

"Haya, nakupa."

Niliketi papo hapo kuiandika. Ikatoka neno kwa neno kama alivyoisema Bibi, sikuruka hata jina moja. Nilipomaliza nikaisoma kwa sauti, peke yangu, nikapiga miayo.