Kikohozi cha Babu Kwenye Filamu ya Mzungu

Jamani, leo Bibi kanitisha.

Kuna mwigizaji wa Kiingereza, sasa marehemu. Zamani alipanga chumba kwetu hapa Kanyenye, akawa anashinda barazani na Babu.
Maisha yake yote aliigiza watu wadogo: mtumishi, karani, mfungwa.

Mchana nikamwekea Bibi filamu yake ya uzeeni kwenye simu. Bibi akajifunika mtandio. Ndiyo kawaida yake mwanamume akitokea kwenye skrini.

Mzungu akapuliza kahawa, akakohoa, akapangusa ndevu kwa kiganja.
Kikohozi cha Babu kabisa. Babu tuliyemzika mwaka juzi.

Bibi akauacha mtandio uanguke mabegani.
"Rudisha nyuma. Huyu simfichi nywele."

Naandika kwa simu ya dada. Yangu Bibi kaingia nayo chumbani, na kikohozi kinasikika mpaka uani.
Nyie mngemnyang'anya?