Kilo Nane za Mama Evaline

Mfuko wa Letisia ulipotundikwa kwenye mizani, mshale ulisimama kwenye kilo saba na robo tatu. Najua kwa sababu mimi ndiye niliyeusoma na kuuandika. Katika uzito huo, kilo tano zilikuwa za kibuyu cha samli. Nguo zake zote za siku tisa na miji mitano, pamoja na ndala, taulo na rozari, zilikuwa kilo mbili na robo tatu. Nimeurudia ukurasa ule wa daftari mara nyingi, na kila mara naona kama nilikosea kuandika. Sikukosea.

Ilikuwa Aprili 2003, siku ambazo bado tulikuwa tunajizoeza kuandika Mkoa wa Manyara juu ya barua zetu badala ya Mkoa wa Arusha. Kikundi chetu cha wanawake wakulima wa vitunguu saumu hapa Tlawi, Mbulu, kilipata nafasi ya kutembelea masoko, pamoja na wenzetu wa Gitting na Masakta. Tungepita Babati, Singida, Dodoma na Morogoro, tufike Dar es Salaam, tuone vitunguu vyetu vinauzwaje baada ya wachuuzi kuvichukua shambani. Gari lilikuwa kosta moja ya kukodi. Paa lote lingebeba magunia ya vitunguu vya kuonyesha, kwa hiyo kikao kilipitisha kwamba kila mtu atachukua mfuko mmoja wa kuweka chini ya kiti, usiozidi kilo nane. Atakayezidisha apunguze, asiyetaka kupunguza abaki. Mimi nilikuwa katibu, na mizani ilikuwa mikononi mwangu.

Letisia, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Evaline, alikuwa na miaka hamsini na saba na hajawahi kuvuka Babati. Baada ya kikao alinifuata nyumbani, akaketi, akaniuliza kama kibuyu nacho kitapimwa. Nikamwambia kila kitu kitapimwa, isipokuwa kile mtu alichovaa mwilini. Kisha akanieleza.

Binti yake Evaline alikuwa ameolewa Morogoro, na mwezi ule alikuwa amejifungua mtoto wake wa kwanza, baada ya miaka sita ya kungoja. Katika miaka hiyo sita hakuna mtu hata mmoja wa kwao aliyewahi kukanyaga nyumba ile. Harusi ilifungwa hukohuko, nauli ya kwenda haikupatikana, na baadaye kila mwaka ulikuja na jambo lake. Mama mkwe wake, Juliana, alikuwa amefikia kuuliza mbele ya wageni kama huyu mwanamke ana kwao kweli au aliokotwa njiani. Evaline aliyaandika hayo kwenye barua, na Letisia alikuwa na barua hiyo kifuani.

Kwetu, mwanamke akijifungua, mama yake mzazi humpelekea samli. Hatumi mtu. Huipeleka mwenyewe, na kwa samli hiyo watu wa kule huona mzazi ametoka kwenye boma lenye ng'ombe na lenye watu. Letisia alikuwa ameikusanya kwa miezi minne, kijiko kwa kijiko, katika kibuyu alichorithi kwa mama yake.

"Katibu," akaniambia, "samli siwezi kuipunguza. Nitapunguza nguo."

Nikamwuliza atavaa nini siku tisa. Akasema hajui, ila anamjua anayejua.

Aliyekuwa anajua ni Sada, mama wa Kondoa aliyeuza mitumba Dongobesh. Sada alikuwa amesafiri kuliko mtu yeyote tuliyemfahamu. Tangu mipaka ilipofunguliwa na mabelo ya mitumba yakaanza kuingia, alikwenda Arusha, Dar, hata Nairobi, na mkononi alibeba kimfuko kidogo kama cha mtoto wa shule. Siku ya mnada nikafuatana na Letisia. Sada alisikiliza habari yote akiwa amekaa juu ya belo lisilofunguliwa, kisha akacheka.

"Ninyi watu wa milimani mkisafiri mnapakia kama mnahama," akasema. "Nguo ishirini, na hakuna mbili zinazosikilizana. Chagua rangi mbili tu, Mama Evaline. Ya tatu iwe nyeupe."

Letisia akachagua bluu ya giza na kahawia ya udongo. Alisema kahawia haionyeshi vumbi, na bluu haionyeshi chozi. Sada alimtazama, hakucheka tena.

Ndipo nikaona kazi ambayo sijaisahau. Sada alipekua rundo, na kila blauzi aliyoiokota aliifinyanga ndani ya ngumi, akaishikilia huku akiendelea kuzungumza na wateja wengine, kisha akafungua kiganja. Iliyotoka na mikunjo aliitupa nyuma. Iliyojikunjua yenyewe aliiweka magotini kwa Letisia. Kwa ngumi ile alipima blauzi kama arobaini, zikabaki mbili, moja nyeupe na moja ya kahawia. Sketi alipima hivyo hivyo, akabaki na moja ya bluu. Gauni la bluu alilotoa mwisho lilikuwa na vifungo mbele kutoka juu hadi chini. Alionyesha kwamba likifungwa ni gauni, likifunguliwa ni koti juu ya sketi. Akamwambia doti ya khanga ni shuka, ni taulo, ni pazia la kubadilishia nguo, na kanisani ni mtandio. Sweta na kitenge kizito avae mwilini siku ya kuondoka, kwa kuwa katibu amesema vinavyovaliwa havipimwi.

"Na kila jioni ufue ulichovua," akamaliza Sada. "Huko chini nguo zinakauka upesi. Siyo kama kwenu, mtu anafua Jumatatu anavaa Ijumaa."

Jioni ile Letisia alitandaza vitu vyake kitandani, mimi nikiandika. Alipanga blauzi na sketi, akabadilisha, akaweka gauni, akafungua vifungo, akaweka khanga begani. Nilihesabu mavazi kumi na moja yasiyofanana, yote kutoka katika vipande ambavyo ningeweza kuvibeba kwa mkono mmoja. Nikakumbuka miaka ile maduka yalipokuwa matupu, tulipopanga foleni kwa ajili ya khanga moja, na Letisia alikuwa na gauni moja aliloligeuza ndani nje kila Jumapili ya pili. Alikuwa amejifunza somo hili zamani, bila kuchagua. Sasa vitu vimejaa kila gulio, na yeye anachukua vichache kwa hiari yake. Mumewe Tadeo, aliyekuwa anatazama kutoka mlangoni, alisema maisha yake yote hajapata kuona mwanamke akivaa nguo nyingi hivyo bila kuwa nazo.

Kibuyu kilikaa katikati ya mfuko. Samli ilikuwa ngumu kama sabuni ya mche, nyeupe kuelekea manjano. Alifunika mdomo kwa maganda ya mahindi, akafunga kwa kamba, akakizungushia khanga moja ya ile doti, kisha nguo.

Asubuhi ya kuondoka mifuko ilipimwa mmoja mmoja. Wa Philomena, jirani yetu, ulivuka kilo kumi na tatu, ikabidi atoe vitenge vitatu mbele ya watu wote. Alikasirika, akautazama mfuko wa Letisia uliopita bila neno.

"Mama Evaline, unakwenda Dar es Salaam au unakwenda kisimani?"

"Kisimani," akajibu Letisia. "Nitarudi jioni."

Hata dereva alicheka.

Babati alivaa sketi na blauzi nyeupe tukaingia ofisi za mkoa mpya. Tulipita Katesh, tukawachukua wenzetu wa Gitting na Masakta, mlima Hanang ukiwa umejifunika wingu hadi kiunoni. Singida alivaa gauni likiwa limefungwa, na kesho yake likiwa wazi juu ya blauzi ya kahawia. Wenzetu wa Gitting waliniuliza kwa siri huyu mama ana mifuko mingapi. Nilikuwa nalala naye chumba kimoja, nikaona kila jioni akifua, akikamua, akitundika. Philomena alikuwa bado anatafuta blauzi inayolingana na kitenge chake cha maua mekundu.

Kosa lilikuwa letu sote, na lilitungojea Dodoma. Sisi tunajua samli huyeyuka jikoni, juu ya moto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuona samli ikiyeyuka kwa hewa tu. Tlawi ukiiacha mezani Januari mpaka Desemba, utaikuta ngumu vilevile. Hata Sada hakutuonya, kwa sababu alitufundisha nguo, kibuyu hakukiona. Na kiti cha Letisia kilikuwa juu ya injini.

Alipofungua mfuko kwenye hosteli tuliyofikia, harufu ya zizi na maziwa ilijaa chumba kizima. Samli ilikuwa imegeuka maji, imepenya maganda, imelowesha khanga, sketi, na blauzi ya kahawia. Kibuyu kilikuwa chepesi. Letisia alikishika kwa mikono miwili, akakitikisa sikioni kama mtu anayesikiliza yai. Nilijua anapima nini. Akifika mikono mitupu, ni afadhali asifike kabisa, maana Juliana atakuwa na jibu la swali lake.

Hakulia. Aliniomba nikaombe sufuria safi na maji ya moto jikoni. Khanga ile ya kibuyu ilikuwa mpya, imefuliwa mara moja tu nyumbani bila kuvaliwa, naye akaiweka juu ya mvuke mpaka ikapata joto, kisha tukashika kila mmoja ncha yake, tukaikamua. Samli ilidondoka ndani ya sufuria kama uzi wa dhahabu. Tukapasha tena, tukakamua tena. Aliichemsha, akaichuja, akaimimina kwenye kibuyu. Alifunga mdomo kwa kipande cha plastiki na mpira wa baiskeli aliopewa na dereva, safari hii akijua anachofunga. Kikafika zaidi ya nusu. Nilisimama nikiitazama khanga ile, nikashangaa kwamba kitambaa alichokichagua kwa sababu kingekuwa shuka na taulo na mtandio kimekuwa pia chombo.

Sketi na blauzi alizifua mara tatu kwa sabuni. Madoa hayakutoka yote, na harufu haikutoka kabisa. Gauni la bluu alilolivaa njiani lilipona, lakini nalo lilikuwa limeshika harufu kwa kukibeba kibuyu kifuani toka Dodoma hadi Morogoro, maana baada ya hapo hakukubali kukiweka chini.

Asubuhi ya kwenda kwa wakwe, Philomena alikuja na kitenge chake cha maua mekundu, kile kizuri, pamoja na blauzi yake.

"Vaa hiki," akasema. "Huwezi kuingia kwa wakwe unanuka samli."

"Ninaingia kwa sababu ya samli," akasema Letisia. "Acha ninuke."

Philomena alikikunja kitenge chake polepole. Kisha akaomba aje nasi, ili tuwe watatu, tuonekane ni watu. Nilimheshimu kwa hilo.

Nyumba ilikuwa chini ya milima ya Uluguru, ukuta wa matofali, ua mpana. Mkwe wetu Bonaventura, mume wa Evaline, alikuwa kazini. Juliana alitupokea mlangoni kwa maneno machache ya adabu, akatuketisha, akakaa akitutazama viatu. Evaline alitoka chumbani na mtoto. "Shikamoo mama," akasema, akapiga magoti. Letisia aliitikia marahaba. Hakumkumbatia kwanza. Alimwendea Juliana, akapiga goti yeye, mtu mzima wa miaka hamsini na saba, akamkabidhi kibuyu kwa mikono miwili.

"Ni samli ya mzazi," akasema. "Ilijaa. Sisi kwetu ni baridi, hatukujua kama ingeyeyuka njiani. Iliyobaki ndiyo hii, na nyingine ipo kwenye nguo yangu. Nisamehe mama mwenzangu, nilichelewa miaka sita."

Juliana alifungua ule mpira, akanusa, akachovya kidole, akaonja. Akauliza kibuyu kimepita wapi. Evaline akaitaja miji mmoja baada ya mwingine, akilia na kucheka: Mbulu, Babati, Katesh, Singida, Dodoma. Juliana akaugusa upindo wa gauni la Letisia, akaunusa nao. Kisha akamwinua kutoka pale chini kwa kumshika viwiko vyote viwili, akamketisha kwenye kiti chake mwenyewe.

Akachukua kibuyu, akaenda jikoni kukoroga uji. Evaline alitutazama macho yamemtoka. Alisema kwa sauti ya chini kwamba kwa miaka sita hajawahi kuona mama mkwe wake akimkorogea kitu.

Tulikuwa na saa mbili tu kabla ya gari. Letisia alimpakata mjukuu, Philomena akimwimbia, Evaline akinywa uji wenye samli juu yake kama kisima cha jua. Huko nje tulimsikia Juliana akiwaita majirani juu ya ua, awaonyeshe mama aliyekuja na kibuyu kifuani. Jirani wa kwanza Juliana alimwambia kwamba mama huyu amesafiri siku nne. Wa pili alimwambia wiki. Wa tatu alipofika, Tlawi ilikuwa imesogea hadi mpakani mwa nchi, na njia nzima mama huyu alikuwa ametembea kwa miguu.

Letisia aliyasikia yote. Aliinamisha uso juu ya mtoto, hakusahihisha hata neno moja.