Kumud Hachori Simu

Kumud Raichura, Mhindi wa Kisumu aliyehamia Sydney akiwa na miaka thelathini, alichora kwa rangi za mafuta katika gereji yake ya Toongabbie. Kwa miaka mingi aliwachorea Wahindi wenzake maharusi walioinamisha macho, picha za kujaza ukuta juu ya sofa. Alizidharau, na wanunuzi zaidi. Alipofiwa na mumewe aliziacha, akaanza kuchora wanawake walioketi tu, wamechoka. Hakuna aliyenunua.

Ndipo akaja Mugambi, mhasibu wa Parramatta na mwenyekiti wa chama cha Wakenya, mtu wa kujitambulisha hata kwa wanaomjua. Alitaka achorwe pamoja na mkewe Bridget, nesi katika nyumba ya wazee kule Auburn.

Bridget alikuja Jumamosi nne, moja kwa moja kutoka shifti, akavua viatu, akakaa. Mugambi hakuja hata siku moja. Alituma picha ya simu: yeye miaka kumi nyuma, mwembamba, nywele tele.

Kumud akampigia. "Bwana Mugambi, mimi nachora watu, sichori simu. Njoo ukae."

"Niko busy, mama. Niweke tu hapo nyuma, mkono begani kwake."

"Mkono huo sijauona hapo," Kumud alisema, akakata.

Mugambi alipokuja na Bridget kuchukua picha, aliona mkewe amechorwa peke yake, amevaa yunifomu, miguu imevimba.

"Hii ni nini? Wageni wangu waone miguu?"

"Ni yangu," Bridget alijibu. "Hujawahi kuitazama?"

Mugambi akaondoka bila picha. Bridget alicheka hadi machozi. Kumud aliendelea kuosha brashi.

Baadaye picha ilikubaliwa kwenye maonyesho Parramatta. Siku ya ufunguzi Bridget alikuwa kazini. Mugambi alifika amevaa suti, akasimama mbele ya picha akipeana mikono na wageni.

"Mimi ndiye niliyeiagiza. Nilimwambia, chora ukweli!"

Kumud alimtazama huku akitafuna sambusa, kama mtu anayetazama tangazo la sabuni. Mugambi alipouliza bei, alimjibu kwamba picha ni ya Bridget, ameshampa.

Sasa iko sebuleni kwao. Mugambi amemwalika Kumud chakula mara mbili, hakwenda. Alimwambia Bridget aje yeye Toongabbie, tena aje peke yake.