Kiganja cha Mwantumu

Mwaka 1997 nilimwona mama mmoja akiuamsha ubongo wa mwanawe kwa kiganja. Sitanii.

Naitwa Aika. Nilikuwa nesi mgeni, mtoto wa Kilimanjaro niliyepangiwa hospitali ya misheni huko Kibiti. Wafadhili walikuwa wametuletea mashine mbili za watoto wachanga. Moja ya kupumulia, nyingine ya kupima ubongo, inachora mawimbi kwenye karatasi.

Mwantumu aliletwa na uchungu, kwa boti kisha gari, kutoka Kiongoroni kule delta ya Rufiji. Mtoto alizaliwa hakulia. Tukambandika nyaya kichwani, tukamwekea mashine ya kupumulia.

Dokta Benedict hakuzungusha maneno. "Mstari wa ubongo ukilala, tunatoa mashine. Tusimtese."

Mstari haukulala. Siku ya nne, siku ya tano, mawimbi yanapanda tu. Tulifurahi jamani!

Siku ya sita asubuhi Mwantumu akaenda msalani. Nikatupia jicho karatasi.

Mstari umenyooka kama uzi.

Akarudi, akapitisha mkono kwenye tundu la kisanduku cha joto alimolazwa mwanawe, akaanza kumpigapiga ubavuni, vile mtoto anavyobembelezwa. Mawimbi yakapanda.

Kumbe siku zote zile, nyaya zilikuwa zinasoma mtikisiko wa mkono wake.

"Mwantumu, mdogo wangu, acha kidogo."

Hakuacha. "Nnajua, dada nesi. Tangu juzi nshaona, nikiacha kalamu inalala. Kesho siku ya saba, babaake anakuja kumpa jina. Asizikwe hana jina, nakuomba."

Dokta akapita. "Vipi, Aika?"

"Inapanda, dokta."

Mchana usingizi ukamzidi Mwantumu, akalala kaegemea kisanduku. Nikautoa mkono wake polepole, nikaingiza wangu. Nikawa nampigapiga yule mtoto huku machozi yananitoka.

Kesho yake Kibwana, babaake mtoto, akafika na tope la mikoko miguuni. Akamwinamia mwanawe.

"Wewe ni Twalibu."

Mwantumu akalirudia lile jina mara moja. Halafu akautoa mkono mwenyewe.

Ukiniuliza kama nilikosea kumdanganya dokta, nitakujibu ndiyo, nilikosea, na bado inaniuma. Manesi wadogo mnaonisoma, mawimbi yakipanda, tazameni kwanza mkono wa mama ndipo muamini karatasi.

Ila mkishaujua ukweli, msimharakishe mama kuutoa mkono.